Benson Wanjau atajwe kila Ojwang' anapoonyeshwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limekuwa likinisumbua kwa muda mrefu, nalo ni jinsi majina ya waigizaji wetu wa runinga yanavyopotea huku kazi yao ikiendelea kutuchekesha. Ninaye mtu mmoja akilini, marehemu Benson Wanjau. Huenda wasomaji wako wengi wakiliona jina hilo wakajiuliza ni nani, ilhali nikimtaja mhusika aliyemwigiza, Mzee Ojwang' Hatari wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, hakuna aliyekulia nchini Kenya katika miaka ya 1980 na 1990 atakayehitaji maelezo.

Katika miaka ya 1980 tulikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, Sauti ya Kenya, ambacho mwaka 1989 kilipewa jina la KBC, yaani Shirika la Utangazaji la Kenya. Mtaani kwetu mjini Nakuru mwenye runinga alikuwa jirani mmoja, fundi wa cherehani aliyetoka upande wa Siaya. Jioni ya Vitimbi fundi huyo alikuwa akikunja kitambaa alichokuwa akishona, anaishusha cherehani chini, kisha anaiweka runinga juu ya meza ile ile na kuigeuza ielekee mlangoni ili sisi watoto tuliokosa nafasi ndani tutazame tukiwa barazani. Ojwang' alipofungua kinywa tu na lafudhi yake ya Kijaluo kusikika, fundi alipiga paja lake na kutuambia kwamba yule ni mtu wa kwao kabisa, na kwamba angeweza hata kutaja kijiji alikozaliwa. Mwezi wa Julai mwaka 2015, habari za kifo cha mwigizaji huyo zilipotangazwa, nilimpigia fundi simu kumpa pole, naye akaniomba nilirudie lile jina la Wanjau mara mbili. Kisha akanyamaza. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa ameamini kwamba anamtazama Mjaluo mwenzake, kumbe ni Mkikuyu.

Mimi nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na ndiyo maana jambo hili linanigusa zaidi. Watu wengi hudhani kwamba kuiga lafudhi ni kupinda maneno mawili matatu ili hadhira icheke. Kijaluo hakina sauti ya sh, kwa hiyo mzungumzaji wake akiteleza, shamba huwa samba. Mkikuyu naye hutatizwa na r na l, na mara nyingi sauti ya b humtoka ikiwa imetanguliwa na m, ndiyo maana tunasikia mbarambara badala ya barabara. Hebu fikiria basi kazi aliyokuwa nayo Wanjau: ilimbidi kwanza auzime ulimi aliolelewa nao, kisha avae ulimi wa jirani pamoja na mapigo na mikato yake, na afanye hivyo wiki baada ya wiki kwa zaidi ya miongo mitatu bila ule wa kwanza kuchungulia. Nimewaona walimu wa fonetiki wakishindwa kufanya hivyo kwa dakika tano.

Tena hakumdhihaki mtu. Wapo waigizaji ambao wakivaa lafudhi ya kabila fulani, kabila lenyewe ndilo linalochekwa. Ojwang' alichekwa kwa sababu ya ukaidi wake, hila zake na jinsi alivyojifanya mkubwa wa nyumba mbele ya Mama Kayai, udhaifu ambao ungeweza kuwa wa mzee yeyote katika boma lolote. Mary Khavere, aliyeigiza kama Mama Kayai, alilingana naye kiasi kwamba watazamaji wengi waliamini kuwa wawili hao ni mume na mke hata nje ya kamera. Sifa hiyo ni kubwa kwa mwigizaji, lakini ina gharama yake, kwa kuwa uhusika ukishammeza mtu namna hiyo, watu humsahau yule aliyeuumba.

Gharama hiyo tuliiona. Katika miaka yake ya mwisho Wanjau alisumbuliwa na macho, na taifa lililomtazama kwa miaka yote hiyo likaambiwa kupitia vyombo vya habari kwamba anahitaji msaada. Wahisani wakajitokeza, akatibiwa. Nawashukuru waliotoa. Hata hivyo, mtu aliyefanya kazi moja kwa zaidi ya miaka 30, na kazi ambayo bado inaonyeshwa, hakustahili kusubiri mchango wa wasamaria wema. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta akiwa na umri wa miaka 78.

Sheria si kwamba haipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazitambua haki za waigizaji, na mwaka 2012 mataifa yalikutana mjini Beijing yakapitisha mkataba unaohusu maigizo ya sauti na picha, ambao ulianza kutumika mwaka 2020. Mkataba huo unampa mwigizaji haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeigiza, haki ambayo inasimama peke yake hata kama haki za malipo amekwisha kuziuza. Jambo hilo la kutajwa ndilo ninalolishikilia zaidi, kwa sababu halihitaji bajeti. Vipande vya Vitimbi vimejaa mtandaoni, na katika vingi nilivyovitazama hakuna jina la mwigizaji hata mmoja, wala mwaka wa kurekodiwa. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alinionyesha kimoja kwenye simu, akaniuliza kama yule mzee ni mchekeshaji mpya.

Ombi langu kwa vituo vya runinga ni kwamba kila kipindi cha zamani kinaporushwa tena, kiwe hewani au mtandaoni, majina ya waigizaji yaandikwe kando ya majina ya wahusika wao: Benson Wanjau, Ojwang'; Mary Khavere, Mama Kayai; na wengine wote, hata yule aliyepita mara moja akibeba trei ya chai. Pili, kipindi hicho kikivutia matangazo ya biashara, mirabaha iwafikie waigizaji, na kwa waliofariki iwafikie warithi wao. Kazi hiyo ianze sasa, wakati wangalipo watu waliokuwa studioni ambao wanaweza kutazama kanda hizo na kusema huyu ni fulani na yule ni fulani. Mimi niko tayari kujitolea kuketi na kuandika majina hayo.

Mwalimu wa Kiswahili,
Nakuru