Bwawa letu likaushwe, juya halitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalotusumbua sisi tunaomwagilia mboga kwa maji ya bwawa la shehia yetu, Mkoa wa Kaskazini Unguja. Miaka michache iliyopita mfugaji mmoja alimwaga humo vifaranga wa perege, yule ambaye wenzetu wa bara humwita sato, kwa nia njema kabisa ya kuwapatia watoto kitoweo. Leo bwawa limejaa perege wasiozidi kiganja, waliodumaa kwa kusongamana, na maji yamekuwa kama chai ya maziwa kwa jinsi madume wanavyochimba viota kwenye tope.

Tumevuta juya, ule wavu wa kukokota, mara tatu, na mara tatu wamerudi. Sababu niliiona mwenyewe: jike niliyemshika mkononi alitema majini vifaranga wengi mithili ya chenga za mchele, kwani perege hulea mayai na wanawe kinywani.

Wako wanaotaka tutie utupa, ile sumu ya mmea ya kuulia samaki, na wengine tulete kambare wawale. Utupa hauchagui samaki, na ng'ombe wetu wanakunywa humo humo. Kambare naye atakuwa mgeni wa pili, ilhali sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo.

Rai yangu ni kwamba maji yatolewe kwa pampu mwezi wa Februari, kabla ya masika, na bwawa liachwe mpaka tope lipasuke. Kabla hatujalichimba kina (na mimi nilishika jembe siku hiyo), lilikuwa likikauka lenyewe kila mwaka, na bado mvua ikinyesha tuliwaona samaki wadogo wenye mkia mwekundu uliotiwa pindo jeusi. Wataalamu humwita Nothobranchius guentheri, na kwa asili yake ni samaki wa Unguja tu. Mayai yake hungoja mvua ndani ya tope kavu. Perege hana uwezo huo.

Naiomba idara inayoshughulikia uvuvi itusaidie pampu na mtaalamu wa kutusimamia, na sheha aitishe kikao mapema, ili wenye ng'ombe wajue watanywesha wapi wiki hizo. Maji yatakayotolewa yachujwe kwa chandarua, yasije yakapeleka vifaranga kwenye mabonde ya mpunga yaliyo chini yetu.

Mkulima wa mboga,
Kaskazini Unguja