Kazi ya safari si tiketi peke yake

Mhariri,

Naomba kanafasi. Huu ni mwaka wa 11 niko kwenye ofisi ya safari hapa katikati ya Kampala, na karibu kila wiki anapanda ngazi kijana na bahasha yake, cheti cha kozi ya tiketi kimewekwa juu kabisa. Nafasi hakuna. Halafu anabaki amesimama mlangoni anauliza la pili, sauti chini: "Nyabo, lakini hii kazi si inakufa? Watu si wanajikatia kwenye simu?"

Ngoja niwajibu hapa, maana ofisini simu hazininyamazii.

Tiketi ya Dubai kwenda na kurudi, kweli mtu anajikatia. Na mashirika mengi ya ndege yalishaacha kutupa komisheni zamani, tunakula ile ada tunayomtoza mteja, na mteja wa Kampala akiona umeweka dola 20 juu anakuita mwizi. Kwa hiyo ukiniambia unataka kugonga Amadeus, ile programu ya kukatia tiketi, mpaka ustaafu nitakuonea huruma tu.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Miezi saba bila mshahara, ofisi yenyewe siitaji, wananipa nauli ya teksi na ahadi, wanaita mafunzo. Siku moja nikaruka herufi moja kwenye jina la mama anayempeleka mwanawe hospitali India. Wakamshika kaunta Entebbe saa nane usiku, foleni nyuma yake, mtoto amelala begani, ikabidi ikatwe tiketi mpya palepale. Ile hasara nikakatwa mimi, kwenye mshahara nilioanza kuupata miezi miwili baadaye!! Tangu siku ile pasipoti naisoma herufi kwa herufi kwa sauti, wenzangu wananicheka. Wacheke.

Lakini tiketi ni mlango tu jamani. Chukua mgeni anayekuja kuona gorila. Kibali kimoja ni dola 800 kwa mtu wa nje tangu Julai 2024, watu 8 tu kwa kundi moja la gorila kwa siku, na Bwindi, msitu wenyewe wa gorila, si sehemu moja, kuna Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Ukimlaza mgeni Buhoma na kibali chake ni cha Rushaga, umemwamsha usiku wa manane azunguke milima gizani, atakutukana kwa lugha zote. Au mgeni ameona kibali cha Rwanda ni dola 1,500 ameghairi safari, we unamwambia shuka Kigali, vuka mpaka wa Katuna, Bwindi hiyo hapo, na viza ya pamoja ya Uganda, Kenya na Rwanda ni dola 100 tu kwa siku 90. Ila mwambie mapema Tanzania haimo, asije akakwama Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Hiyo ndo kazi yenyewe, na kwa hiyo watu wanalipa.

Niliosoma nao wametawanyika. Mmoja anapangia safari wafanyakazi wa shirika la misaada, mshahara unaingia tarehe yake bila kuomba. Mwingine yuko kaunta ya ndege Entebbe. Wa tatu aliacha ofisi tukamcheka, akaenda kujifunza ndege wa porini, na nchi hii ina aina zaidi ya 1,000, leo anawapeleka Wazungu kwenye kinamasi cha Mabamba kwa mtumbwi kumtafuta korongo nyangumi, yule ndege wanayemwita shoebill, na sisi ndo tunampigia tukimbembeleza tarehe.

Halafu Kiswahili. Vijana wa Kampala mnakificha kwenye CV kama ugonjwa, eti lugha ya askari. Mgeni akitaka Serengeti na Bwindi safari moja, dereva wa Arusha na ofisi ya Nairobi naongea nao Kiswahili, bei inashuka na gari inafika.

Na nyie wenye ofisi, mlipeni anayejifunza. Nauli ya teksi si mshahara.

Yule kijana wa wiki jana nilimwambia arudi akinitajia sehemu nne za Bwindi. Hajarudi. Sasa majibu nimeshayaandika hapo juu, kwa hiyo akija nitamuuliza masaa ya barabara kutoka moja hadi nyingine.

Mkata tiketi,
Kampala