Dogo, kuhusu ile "integrity" waliyokuuliza kwenye intavyuu

Mambo dogo,

Meseji yako nimeiona usiku, eti wamekuuliza integrity ni nini ukajibu "kutoiba" wakatazamana. Hujakosea bwana, ila mi hilo neno lilininyima usingizi, ngoja nikwambie kwanini.

Ni la Kilatini. Ndani yake kuna tangere, yaani kugusa, ukitanguliza in- inakuwa ya kukataa, ndo unapata integer, kitu ambacho hakijaguswa, kizima. Ndo hiyohiyo integer ya hesabu, namba isiyo na kipande, na ile tangent iliyokutesa shule ni ndugu yake, mstari unagusa duara tu afu unapita zake. Warumi hata askari ambao hawajaingia vitani, wenye nguvu zao zote, waliwaita integri. Halafu mshairi wao Horace akalipeleka kwa mtu, akasema aliye mzima katika maisha yake hahitaji mikuki wala podo la mishale ya sumu (ushahidi wake sasa, eti alikuwa porini anamwimbia demu wake Lalage, mbwa mwitu akamkimbia. Washairi bwana).

Sasa unakumbuka nilivyokuwa kibarua ghalani? Kila gunia la mahindi likiingia linachomwa bambo, kile chuma cha kuchukulia sampuli, yanatoka mahindi kama kiganja hivi, wanaangalia unyevu na wadudu. Sawa, hiyo ni kazi. Ila yale ya kwenye kiganja hayakuwa yanarudi kwenye gunia, yalienda kwenye ndoo, na jioni ndoo ilikuwa yetu vibarua. Gunia ukilitazama limejaa, pale lilipochomwa unasugua na kidole nyuzi zinajirudi, hakuna anayejua. Mi sikuiba gunia hata moja na mtu angeniita mwizi tungepigana. Lakini kwa hesabu ya hao Warumi, ghala zima halikuwa na gunia integer.

Sisi tunasema uadilifu, nalo limetoka kwa Waarabu, adl, haki, kuweka pande mbili sawasawa. Kwahiyo Kiswahili kinakuuliza mizani inasemaje, Kiingereza kinakuuliza tundu liko wapi, na mi kwa yote mawili nimefeli maana lile gunia hata mizani ingelisema, tatizo nani alilipima mara ya pili.

Wakikuita tena wape hiyo ya bambo. Usiseme tu ni kaka yako.