Watoto wafundishwe kuandika marejeo, "Google" sio jina la kitabu

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, mana hili jambo limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita na naamini wazazi wengi limewakuta.

Binti yangu yupo kidato cha tatu, walipewa projekti ya jiografia kuhusu muundo wa dunia, yani yale matabaka kuanzia ganda la juu, manto, kiini cha nje mpaka kiini cha ndani. Kachora vizuri sana na rangi kapaka, nikafurahi. Nikafungua ukurasa wa mwisho, juu kaandika MAREJEO, yani orodha ya alikotoa habari zake, kwa herufi kubwa alafu chini yake maneno matatu tu: Google, kitabu, ticha.

Nikamuuliza kitabu gani mwanangu, akasema kile cha kijani alichoazima kwa mwenzake na kashakirudisha.

Sasa kwenye mchoro kaandika kiini cha nje kina unene wa kilomita 5,150. Mi sio mwalimu ila nikajumlisha kwenye simu, manto 2,900, kiini cha nje 5,150, kiini cha ndani 1,220, hata ganda sijaliweka, nikapata 9,270, na wakati ukurasa wa kwanza kaandika mwenyewe kwamba toka juu mpaka katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Tukahangaika nalo karibu lisaa, kumbe 5,150 ni kina, yani ukishuka toka juu umbali huo ndo kiini cha nje kinaishia na cha ndani kinaanza, unene wake wenyewe ni kama 2,250. Kosa la kawaida kabisa, ila angekuwa ameandika jina la kitabu na namba ya ukurasa angerudi kuangalia na kulimaliza kwa dakika mbili.

Na mada yenyewe ndo hii ambayo hakuna mtu aliyewahi kwenda kuiona kwa macho. Kule Kola, Urusi, walianza kuchimba shimo mwaka 1970 enzi za Usovieti, mpaka 1989 wakafika mita 12,262, kilomita 12 na kidogo, hata ganda la dunia hawakulimaliza. Kwa hiyo tunachojua kuhusu huko katikati kinatoka zaidi kwa watu waliokaa wakasoma mawimbi ya matetemeko na kuyapigia hesabu. Mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, ndiye aliyeonesha mwaka 1936 kwamba ndani ya kiini kuna kiini kingine, na alitumia rekodi za matetemeko likiwemo la New Zealand la 1929. Ndugu yake alisimulia kwamba alikuwa anakaa bustanini na meza imejaa maboksi ya oti (nafaka ya kupikia uji), ndani mna kadi za katoni zenye habari za matetemeko na saa yaliporekodiwa sehemu mbalimbali duniani, hakuna kompyuta wala nini, ila kila namba anajua kaitoa wapi. Nilimsimulia binti hii habari nikaona kanyamaza anafikiri.

Ombi langu kwa walimu, na nawaheshimu sana najua darasa lina watoto wengi, kabla ya projekti tengeni kipindi kimoja tu cha kuwaonesha. Mtoto afungue kitabu zile kurasa za mwanzo, aone mwandishi, mwaka, mchapishaji na mji. Wengi wanakwama wakikuta hakuna jina la mtu, hawajui kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania yenyewe inaandikwa kama mwandishi. Kama ni tovuti aandike jina la ukurasa, nani mwenye tovuti, linki na tarehe aliyofungua, mana leo ipo kesho imebadilishwa. Google imemfikisha tu pale, haijaandika kitu.

Alafu kuna hili la steshenari kuprint projekti nzima na orodha ya marejeo tayari imepangwa, vitabu kumi ambavyo mtoto hajawahi kuvishika. Hilo linaniuma kuliko yale maneno matatu ya binti yangu, mana yeye angalau alisema kweli. Kama marejeo yana maksi basi mwalimu achague kimoja amuulize mtoto, hiki umekitolea nini, ukurasa wa ngapi?

Jumamosi tulikwenda kwa yule mwenzake kukitafuta kile kitabu cha kijani. Tumekikuta, ila kurasa za mwanzo zote zimeng'oka, hakuna jina la mwandishi wala mwaka. Vitabu vya hali hiyo ni vingi mno kwa watoto wetu, kwa hiyo naomba shule zibandike ukutani darasani orodha ya vitabu wanavyotumia na taarifa zake zote, karatasi moja inatosha.

Mzazi,
Mbagala, Dar es Salaam