Buibui limekuwa doa la wino

Ndugu Mhariri,

Picha za mitaani za Mji Mkongwe mnazochapa kwa nyeusi na nyeupe huutendea haki mlango: mfaa (ubao wa wima wa katikati), nakshi, hata misumari ya shaba huhesabika. Mwanamke anayepita mbele yake hutoka doa jeusi, bila mkunjo hata mmoja. Tangu mji uingie Urithi wa Dunia mwaka 2000 milango imepigwa picha mno. Wanaoingia na kutoka humo nao wanastahili kuonekana.

Kosa la kwanza ni la kipimo. Kipima mwanga huchukulia kila kilicho mbele yake kuwa kijivu cha wastani, hivyo ukuta wa chokaa hutiwa giza na buibui huzama kabisa. Pima ukuta peke yake, kisha ongeza stopu mbili, yaani mwanga mara nne: weupe unarudi, chembe za chokaa zinabaki, mikunjo inajitokeza. Saa tatu asubuhi jua hupiga upande mmoja tu wa kichochoro, na ukuta huo humulika kwa upole upande wa kivulini. Hapo kivulini ndipo pa kumpigia mtu, ukuta wenye jua ukiwa nje ya fremu.

Lenzi ya milimita 35, tundu lake f/8, fokasi mita 3: kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), kati ya mita 2 na 7 hivi kila kitu ni wazi. Kasi ya shata, kifungua-mwanga cha kamera, isipungue 1/250 ya sekunde, la sivyo pindo hufifia kwa mwendo. Ukiinua kamera kufuata ghorofa, kuta huinamiana. Afadhali ghorofa ikatwe.

Kanga nyekundu na kijani huweza kutoka kijivu kimoja, jina lake lisisomeke. Ongeza chaneli nyekundu wakati wa kugeuza picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe: nyekundu itang'aa kuliko kijani.

Lenzi ndefu ya kuvizia, mbali na utovu wa adabu, humbandika mwanamke mlangoni kama stempu. Mpiga picha akae barazani kamera ikionekana, asalimie, aombe. Akikataliwa, aache.

Lililobaki ni lenu. Karatasi ya gazeti hunywa wino na nukta za wino zinazounda picha hutanuka. Kijivu cha asilimia 50 huweza kutoka karibu 75. Tunaomba dawati la picha ling'arishe vivuli vya buibui kabla faili haijaenda mtamboni, hata kama mlango utapauka kidogo.

Wapiga picha wa mitaani,
Unguja