Mimi ndiye niliyekuwa simu kati ya wodi na dirisha la dawa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma mwaka wa kumi na tisa sasa na sijakuandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari ya semina ya wafamasia na wauguzi, yenye picha ya watu wamejipanga wameshika vyeti, imenishinda. Eti “wamekubaliana kushirikiana”. Kabla ya hapo walikuwa wamekubaliana nini?

Mwaka jana mama yangu alilazwa katika hospitali moja hapa Moshi, jina naliacha. Damu ilikuwa imemganda mguuni, akaanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Siku ya nne tumbo likachafuka, daktari mwingine akaandika metronidazo, nikatumwa dirishani na karatasi. Nikapewa, nikapanda nazo, sista akampa. Baada ya siku chache namfuta mama mdomo, kamaliza uji, naona kitambaa chekundu. Fizi zinavuja. Sista, binti mchapakazi kwelikweli, akaniambia mambo ya dawa nikaulize famasi. Nikashuka. Kijana wa dirishani akauliza mgonjwa anatumia dawa gani nyingine. Nilipotaja warfarini akaweka kalamu chini. “Mama, hizo mbili hazipatani. Hiyo ya tumbo inaizidishia nguvu ile ya damu. Mbona hatukuambiwa?” Nani angemwambia? Karatasi yake ilikuwa na dawa moja tu, faili lenye zote liko juu wodini! Sista kaiona damu, sababu haijui. Mfamasia sababu anaijua, damu hajaiona. Na katikati yao niko mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia mwenye goti bovu, napanda na kushuka ngazi 26 (nilizihesabu) nikipeleka salamu za huyu kwa yule. Dawa ikasimamishwa, kipimo cha kuganda kwa damu kikarudiwa. Mama yuko Kibosho, anagombana na kuku.

Halafu zile bahasha za vidonge. Unaandikiwa “8 – 8”. Saa nane ipi? Jirani yangu wa Pasua alikuwa akiamka saa nane usiku wa manane kumeza kidonge, mumewe akifikiri wameingiliwa na wezi. Mwingereza kaondoka 1961, saa yake kaisahau kwenye bahasha.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2017 kwamba madhara makubwa ya dawa yanayoepukika yapunguzwe kwa nusu ndani ya miaka 5. Miaka hiyo imeshapita, sisi bado tunajipanga kwa ajili ya picha.

Siombi mashine. Mfamasia mmoja apande wodini kila asubuhi saa tatu, kabla sista hajaanza kuzungusha lile toroli la dawa, wafungue faili la kila mgonjwa pamoja, dawa kwa dawa, na sista aseme alichokiona usiku. Kama wanaoneana aibu, chai nitaleta mimi. Chupa ninayo, ya lita tatu, na maandazi ya kuwatosha. Hilo nalo likishindikana, naomba niingizwe kwenye orodha ya mishahara ya hospitali, maana kazi naijua na ngazi nimeshazizoea.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi