Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuwaingiza Wanafunzi Wadogo wa Piano katika Somo la Kundi

Ndugu wanachama, waheshimiwa wazazi na walimu,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati ianzishe, hapa Lubumbashi, somo la kundi kwa watoto wanaoanza piano, bila kufuta somo la mtoto mmoja na mwalimu wake. Agizo hilo limetekelezwa tangu mwaka wa shule ulipofunguliwa mwezi wa Septemba. Kwa kuwa ndilo lililozua maswali mengi kuliko jambo jingine lolote, taarifa hii inalishughulikia hilo. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Swali lililotufikia mara nyingi zaidi lilikuwa hili: kwa nini mtoto aliyelipiwa piano anaonekana akipiga makofi na kutembea chumbani? Mtoto anayejifunza peke yake huzoea kusimama kila anapokosea, akarudia pale alipokwama, kisha akaendelea, kwa kuwa hakuna anayemwacha nyuma. Vidole vyake vinaujua wimbo, lakini mapigo hayapo. Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi, aliuona upungufu wa namna hii kwa wanafunzi wa konsevatwari (chuo cha muziki) ya Geneva mwishoni mwa karne ya 19, ndipo akaanza kuwafundisha mapigo kwa mwendo wa mwili kabla ya kuyadai kwenye vidole. Wala kufundisha piano kwa makundi si jambo geni: mwalimu wa muziki Johann Bernhard Logier alifanya hivyo Dublin mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, akiwaketisha wanafunzi wengi kwenye piano kadhaa kwa wakati mmoja, hata serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, ikamwalika Berlin awafundishe walimu wake.

Hatukuwatumbukiza watoto kundini kwa ghafla. Walimu walianza kwa kuwakutanisha wawili wawili, mwisho wa somo la mmoja ukiwa ndio mwanzo wa somo la mwenzake, na dakika hizo za pamoja zikatumika kupiga piano moja kwa mikono minne: mmoja anashika noti mbili tu za besi, yaani sauti ya chini, akizirudia bila kubadilisha, na mwingine anapiga wimbo juu yake, kisha wanabadilishana. Mtoto mwenye haya alipewa besi kwanza, maana besi haitazamwi sana, ingawa ndiyo inayowabeba wote. Waliokwisha kuzoea waliunganishwa katika makundi ya wanne hadi sita, kwa kufuata hatua waliyofikia na si umri wao. Mtoto anayewatangulia wenzake hakurudishwa nyuma; alipewa sehemu ngumu zaidi ya wimbo ule ule.

Ugumu ambao kamati haikuutazamia ulitoka kwenye kwaya. Watoto wetu wengi wanaimba kanisani, ambako mara nyingi noti huandikwa kwa herufi na do, noti ya kwanza ya ngazi ya sauti, hukaa pale kiongozi wa kwaya anapoiweka siku hiyo, juu au chini, kwa kadiri ya sauti alizo nazo. Kwenye piano, kwa mapokeo ya Kifaransa na Kibelgiji tunayofuata, do haihami: ni kitufe cheupe kilicho upande wa kushoto wa vile vyeusi viwili vilivyokaribiana. Mwenye sikio zuri ndiye aliyetaabika zaidi, kwa sababu alisikia do mahali ambapo mwalimu alitaja sol. Walimu waliafikiana kwamba wimbo uimbwe kwanza kwa do ya kwaya, utafutwe kwenye vitufe, na majina ya vitufe yatajwe mwisho. Katika kundi utata huu ulitatuliwa upesi kuliko katika somo la mmoja, kwani mtoto asiye wa kwaya huuliza waziwazi kile ambacho mwenzake anakificha. Wako waliopendekeza watoto waambiwe wasahau do ya kwaya. Mimi siafiki, kwa maana sikio hilo ni mali ambayo mwalimu wa piano hakuigharimia.

Kuhusu mapigo, watoto walipokuwa pamoja kundini, hatukuwa na shida kubwa. Mtoto wa mitaa yetu ya Katuba au Kamalondo aliyekulia jirani na wapigaji wa karindula, ala ya nyuzi inayofanana na banjo kubwa, anaweza kushika mapigo mawili yanayopishana kabla hajajua kusoma noti hata moja.

Vifaa vinahitaji maneno zaidi. Vinanda vya umeme vya vitufe 61 vinawatosha wanaoanza, japokuwa piano kamili ina 88, na kwa kaske za masikioni kila mmoja anaweza kujaribu sehemu yake bila kuwasumbua wengine. Umeme unapokatika, somo linaendelea kwa kuimba, kusoma noti na kupokezana kwenye piano ya mbao. Lakini piano ya mbao ina tabia yake: majira ya mvua ubao wake wa sauti hufyonza unyevu na kuvimba, nyuzi zikakazika na sauti ikapanda, kiangazi ubao hukauka na sauti ikashuka. Kinanda cha umeme hakibadiliki hivyo, kwa hiyo vikipigwa pamoja vinagombana, na watoto ndio waliokuwa wa kwanza kulalamika.

Ratiba ilihamishwa kutoka Jumamosi alasiri, ambayo ni saa ya mazoezi ya kwaya, hadi Jumatano baada ya masomo. Mahudhurio yametengemaa.

Somo la kundi lina mipaka, na walimu wameniomba niiseme. Mkao wa mkono, uchaguzi wa vidole na kukaza mabega ni mambo yanayotaka jicho la mwalimu juu ya mtoto mmoja. Kwa sababu hiyo kamati haikubaliani na pendekezo la kupunguza ada kwa kubakiza kundi peke yake.

Kamati inawaomba wanachama wapige kura juu ya mambo matatu: somo la kundi liendelee kila wiki mbili sambamba na somo la kila mtoto, piano ya mbao ilinganishwe sauti mara mbili kwa mwaka, mvua zikisha kukolea na tena katikati ya kiangazi, na mzazi aruhusiwe kuketi ndani ya somo la kwanza la kundi, kwa sharti kwamba asimjibie mtoto wake. Karatasi za kura ziko mezani kwa katibu.